Video za kalkulasi, na projekta ya kuazima

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi. Umeuliza kama programu ya picha zinazotembea itawasaidia vijana wako wa kidato cha tano hapo Newala, wanaokariri kanuni za kalkulasi, hisabati ya jinsi vitu vinavyobadilika, bila kujua wanatafuta nini. Itasaidia, ila usianze na video. Video inakwenda yenyewe, na mwanafunzi anaitazama kama mpira.

Pakua GeoGebra mapema, programu ya kuchora grafu, inafanya kazi bila intaneti. Chora y = x², weka nukta moja penye (1, 1) na nyingine penye (3, 9), uziunganishe kwa mstari. Mteremko ni 4. Sogeza ile ya pili hadi x = 2, unakuwa 3. Ukifika 1.5, ni 2.5. Hapo simama! Waandike daftarini wanachotarajia kwa 1.1 kabla hujagusa kipanya. Watakaopata 2.1 wenyewe wataanza kunong'ona "mbili, mbili", maana mteremko unaikaribia 2, na hujataja kanuni yoyote. Mimi nilikimbilia kanuni mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nikajuta.

Halafu watoto wa Newala wana bahati: barabara ya kushuka bonde la Ruvuma wanaijua. Waulize ni wapi bodaboda anabana breki zaidi. Huo ndio mteremko wa mahali pamoja.

Kuhusu umeme, chaji kompyuta usiku, na jedwali la nukta na miteremko hiyo liwe tayari ubaoni. Projekta ikigoma, kipindi kinaendelea kwa chaki.