Italia: Gari Likodi, Ila Si la Mjini

Ukienda Italia matembezi, usikodi gari la kuzungukia Roma wala Firenze. Mimi hukodi siku ninayotoka kwenda vijijini Toscana tu, ambako basi ni la kubahatisha. Kati ya mji na mji napanda treni. Ile ya mwendokasi toka Roma hadi Firenze ni kama saa moja na nusu, na inakushusha katikati ya mji.

Kinachowaumiza wageni si foleni, ni ZTL, yaani maeneo ya miji ya kale ambako gari lisilo na kibali haliingii saa zilizopangwa. Usitegemee geti wala askari wa kukupungia mkono. Utaona kibao cheupe chenye duara jekundu, na juu yake kamera inayosoma namba ya gari. Penye ubao wa taa, “varco attivo” maana yake zuio linafanya kazi. Wageni wengi huliona neno hilo wakadhani pako wazi, wakapita kwa raha zao. Kila unapopita tena ukitafuta hoteli, unaweza kuhesabiwa faini nyingine. Na faini haiji hapo hapo: kwa mtu anayeishi nje ya Italia, wana hadi siku 360 za kuituma. Kampuni iliyokukodisha nayo kwa kawaida hukata ada kwenye kadi yako kwa kazi ya kuwapa polisi jina lako. Kama hoteli iko ndani ya ZTL, wapigie kabla hujafika, uwaulize kama wanaweza kuandikisha namba ya gari. La sivyo, egesha nje ya kuta za mji utembee.

Kwa sisi tuliozoea kushoto, barabara yenyewe unaizoea haraka. Pa kutuliza akili ni kwenye kipilefti, maana huko unaingilia kulia na kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Beba leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. Barabara kuu za kulipia mwisho ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110, na zipo kamera zinazopima wastani wa mwendo wako toka pointi moja hadi nyingine, kwa hiyo kupunguza mwendo ukiiona tochi hakukuokoi. Kwenye kulipia, usiingie njia ya Telepass, yaani ya kulipia kwa kifaa cha kielektroniki, kama gari halina kifaa hicho.

Tiketi ya basi nunua mapema kwenye duka la sigara lenye herufi T, ukishapanda igonge kwenye mashine. Wakaguzi wanapanda bila taarifa, na utalii haukubaliwi kama kisingizio.