Kijiji cha Dartmoor: hakuna wa kuripoti kwake, ila kuna karani

Dada uliyeleta mada, hongera kwa kazi. Umesema unakwenda kutunza wazee kwenye kijiji kimoja ndani ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, na unauliza mawili: ukifika unaripoti kwa mwenyekiti gani wa kijiji, na ile barabara isiyo na taa utakayotembea alfajiri unailalamikia wapi. Waliotangulia wamekujibu "nenda polisi" na "huko hakuna serikali ya kijiji". Sikubaliani na hata mmoja. Mimi naishi kijiji cha namna hiyo tangu 2017, nilikuja kama mtegemezi wa mke wangu ambaye ni nesi, na kwetu ni Makete, kwa hiyo baridi na ukungu havikunitisha. Kilichonitesa ni kujua nani anahusika na nini.

La kuripoti ni jepesi: huripoti kwa mtu. Hakuna balozi wa nyumba kumi, hakuna mwenyekiti wa kitongoji, hakuna barua ya utambulisho wala muhuri. Wiki ya kwanza niliulizia ofisi ya mtendaji, nikaonyeshwa ubao wa matangazo wenye kioo, pembeni ya kituo cha basi. Nikadhani nataniwa. Kumbe kweli, ofisi yenyewe ndiyo ile.

Ngazi ya chini kabisa huko ni baraza la parishi. Usichanganye na parokia. Zamani kanisa ndilo lilikuwa linaendesha mambo ya kijiji, lakini sheria ya 1894 ilianzisha mabaraza ya kuchaguliwa na kanisa likabaki na ibada zake. Wajumbe wanachaguliwa kila baada ya miaka minne, hawapungui watano, hawana mshahara. Anayelipwa ni karani, tena kwa saa chache tu kwa wiki. Fedha zao wanazipata kwa kuongeza kiasi kidogo kwenye kodi ya nyumba inayokusanywa na wilaya. Kwa fedha hizo wanatunza mabenchi, viwanja vya watoto, kibanda cha basi, pengine makaburi. Mtu aliyezoea halmashauri ya kijiji ya kwetu, yenye wajumbe mpaka 25 na inayogawa ardhi, ataona hawa ni kama kamati ya harusi. Nami niliona hivyo.

Nikaenda kwenye mkutano wao. Mwananchi yeyote ana haki ya kuingia na kusikiliza, na tangazo lazima libandikwe siku tatu kamili kabla. Ukumbi baridi, hita ya ukutani inakula sarafu za pauni kama mashine ya kamari. Wajumbe saba mezani, mbwa wa mmoja wao amelala chini ya meza, na wananchi tulikuwa wawili: mimi na mzee mmoja ambaye hadi leo naamini alifuata hita. Mimi nilikuwa na jambo. Kona ya chini ya mteremko, kalavati lilikuwa limeziba kwa majani, maji yanavuka lami, usiku yanaganda, na barafu ile asubuhi huioni mpaka umeshaikanyaga. Mwenzangu wa kazini aliteleza pale akavunjika kifundo cha mkono.

Nikasubiri "mengineyo". Si ndivyo tulivyolelewa? Kwetu mkutano mkuu wa kijiji, agenda zote ni za kusindikiza, moto unawaka kwenye mengineyo. Ikafika, nikasimama, nikazungumza kwa uchungu dakika tano nzima. Mwenyekiti akanisikiliza vizuri kabisa, akanishukuru, kisha akasema hawawezi kuamua chochote kwa sababu jambo halikuwamo kwenye agenda. Wakafunga mkutano. Nilitoka nikiwa nimevimba, nikajiambia ni yale yale ya rangi yangu. Sisemi ubaguzi haupo huko. Ila siku ile haukuwa huo: sheria inawakataza kweli kuamua jambo ambalo halikutangazwa, na mwezi uliofuata nilimwona mzungu mwenye ng'ombe zaidi ya mia akizimwa vilevile.

Karani akanifuata nje. Ni mama wa umri wa mama yangu. Anataka nimwite kwa jina lake tu kama kila mtu, na mdomo wangu umegoma mpaka leo, kwa hiyo simwiti kitu, naanza na "samahani". Akasema: niandikie, siku kumi kabla ya mkutano, sehemu, tarehe na picha. Dada, hapo ndipo serikali ya kijiji ilipo. Mwenyekiti hubadilika, wajumbe huchoka, lakini agenda inaandikwa na karani, na kisichoandikwa hakijatokea.

Sasa na mimi nikakosea. Kwenye kuingia eneo lile kuna jiwe kubwa lenye jina la hifadhi ya taifa, basi nikaandika malalamiko ya kalavati kwa hifadhi. Wakajibu kwa adabu kwamba barabara si zao. Ujue hifadhi ya huko si kama Kitulo yetu iliyotangazwa 2005, ambako hakuna anayejenga nyumba ndani. Dartmoor ni hifadhi tangu 1951, kilomita za mraba 954, na ndani yake wanaishi watu kama 34,000, wana mashamba, baa na shule. Mamlaka ya hifadhi kazi yao kwako itakuwa hasa vibali vya ujenzi. Ukitaka kubadilisha madirisha ya mbele au kujenga banda, uliza kwao kwanza. Takataka na kodi ya nyumba ni wilaya. Barabara, shule, maktaba na huduma za wazee ni kaunti, ngazi iliyo juu ya wilaya. Parishi ni mabenchi na kelele. Nasema kelele kwa heshima: nilipopeleka taarifa kaunti kupitia tovuti yao nilipewa namba, nikampa karani ile namba, baraza likaandika barua likiitaja. Kalavati likazibuliwa kabla kipupwe hakijaisha, na parishi ikanunua sanduku la njano la chumvi na mchanga wa kumwaga juu ya barafu, likawekwa pale konani.

Kuhusu taa, nikwambie mapema usijiaibishe kama mimi. Niliomba taa moja tu ya barabarani, nikapata upinzani ambao sijawahi kuuona hata kwenye mgogoro wa mipaka. Wazee wa pale wanapenda giza lao, wanataka waone nyota. Nunua tochi ya kichwani na kizibao kinachong'aa, tembea upande wa kulia ukitazamana na magari, na mwambie mwajiri wako zamu ya alfajiri wakati wa barafu akufanyie mpango wa usafiri.

Kuna jambo hukuuliza ila litakuhusu siku ya kwanza: kondoo na farasi wadogo walioko barabarani. Usidhani wamepotea. Zaidi ya theluthi ya Dartmoor ni malisho ya pamoja, lakini "ya pamoja" haina maana ya mali ya kijiji. Kwetu, kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, malisho ya kijiji yako chini ya halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kule ardhi ina mwenyewe, mkubwa kuliko wote akiwa ni milki ya Duchy of Cornwall, ambayo ni ya mrithi wa kiti cha ufalme. Wafugaji wana haki ya kulisha tu, na haki hiyo imefungwa kwenye shamba fulani na kuandikwa kwenye rejista kwa sheria ya 1965. Wana hata baraza lao kwa sheria ya 1985. Mimi mtoto wa mfugaji kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba pale juu hakuna uzio, na kila kundi linakaa sehemu yake. Kondoo jike anamfundisha mwanawe mipaka kwa kutembea naye tu. Ndiyo maana ugonjwa wa miguu na midomo wa 2001, uliosababisha mifugo zaidi ya milioni 6 kuuawa nchini, wafugaji wanausimulia kama msiba: ukinunua kondoo wapya hawajui kwao ni wapi.

Usiku hao kondoo hulala kwenye lami kwa sababu imehifadhi joto la mchana. Ukipata lifti, mwambie dereva apunguze. Akimgonga kondoo, ng'ombe au farasi, hata mbwa, lazima asimame, na kama mwenye mnyama hayupo pale, polisi wajulishwe haraka, isizidi saa 24. Hapo ndipo jibu la "nenda polisi" lingekuwa sahihi. Na usiwape farasi mkate, ni kosa, halafu wanazoea kusogelea magari.

La mwisho, ambalo wengi wetu hatulijui. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kupiga kura huko, kwa sababu nchi zetu zimo Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo kwa bahati mbaya hawamo. Jiandikishe ukishapata anwani, na siku ya kura pasipoti yako ya Tanzania inatosha kama kitambulisho. Kugombea ujumbe ni mpaka upate ukaazi wa kudumu. Mimi niliupata 2022, mwaka uliofuata uchaguzi ukaacha viti viwili vitupu kwa kukosa watu, karani akanipigia simu. Nikasaini tamko la kukubali wadhifa, nikajaza fomu ya mali na maslahi yangu, ambayo ilikuwa tupu ukiondoa nyumba ya kupanga.

Posho? Chai na biskuti. Na kwa kuwa sanduku la chumvi nililililia mwenyewe, wamenipa kazi ya kulikagua. Kila Novemba nafungua kifuniko, napiga picha, namtumia karani. Mwaka jana nilikuta mtu amechota nusu yake akamwaga mbele ya gereji yake, na kikao kizima cha Desemba tulijadili kama tuweke kufuli. Jambo liliahirishwa. Kufuli halikuwamo kwenye agenda.