Maswali na Majibu: Kupokea Mawimbi Yaliyo Dhaifu Kuliko Kelele

Swali: Ikiwa mawimbi ya redio yatokayo angani ni dhaifu mno, kwa nini yasikuzwe tu mara nyingi zaidi?

Jibu: Kwa sababu amplifaya haichagui. Hukuza mawimbi yanayotafutwa pamoja na kelele, kisha huongeza kelele yake yenyewe. Kila kipande cha waya chenye joto hutoa kelele ya namna hiyo, kama wanafizikia Johnson na Nyquist walivyoonyesha mwaka 1928. Kwa hiyo swali la maana ni kipokezi kina kelele ya kelvini ngapi (yaani halijoto ya kitu ambacho kingetoa kelele kiasi hicho), wala si kwamba kinakuza mara ngapi. Amplifaya ya kwanza huwekwa karibu kabisa na antena, na mara nyingi hupozwa, kwani waya wa joto la kawaida unaopoteza desibeli 0.1 tu (takriban asilimia 2 ya nguvu ya mawimbi) kabla yake huongeza takriban kelvini 7.

Swali: Basi kilicho dhaifu kuliko kelele hutambuliwaje?

Jibu: Kwa subira. Kelele hupanda na kushuka bila mpangilio, na wastani wake hutulia kadiri upana wa masafa (ukubwa wa eneo la masafa linalopokelewa) na muda wa kupima unavyoongezeka. Mfumo wenye kelele ya kelvini 300, ukipokea upana wa megahezi 100 kwa sekunde 1, unaweza kutambua tofauti ya kelvini 0.03. Hesabu hiyo, hata hivyo, hudhani kwamba amplifaya haiyumbi, nayo huyumba daima: ukuzaji ukibadilika kwa sehemu 1 tu katika 1,000, zinaingia kelvini 0.3 za uongo, mara kumi ya kile tunachotafuta. Mwaka 1946 mwanafizikia Robert Dicke alieleza dawa ya kuyumba huko, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha fani hii: kipokezi kihamishwe upesi, tena na tena, kati ya antena na chanzo chenye halijoto inayojulikana, kisha ipimwe tofauti peke yake. Wanaastronomia wa redio Penzias na Wilson nao walilinganisha antena yao na chanzo kilichopozwa kwa heliamu ya kimiminika, wakabaki na kelvini 3.5 zisizo na maelezo, walizozitangaza mwaka 1965. Ulikuwa ni mnururisho uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Swali: Vitu vyenye joto hutoa pia sauti, si mawimbi ya redio tu; je, antena hiyo hiyo inaweza kupokea sauti hiyo ya joto?

Jibu: Hapana. Sauti ni mtikisiko wa maada, nayo huhitaji fuwele inayogeuza mtikisiko kuwa umeme.

Swali: Ni kweli kwamba mwili wa binadamu hutoa sauti kwa sababu ya joto lake?

Jibu: Ni kweli, ingawa hakuna sikio linaloweza kuisikia. Molekuli zinazotikisika hutoa mawimbi hata katika masafa ya megahezi, na fuwele iliyogusishwa ngozi kwa jeli huyapokea. Jeli ni ya lazima kwa kuwa hewa hurudisha karibu mawimbi yote. Katika megahezi 1.5, urefu wa wimbi mwilini ni takriban milimita 1, hivyo kipokezi kinaweza kulenga sehemu ndogo iliyo sentimita kadhaa ndani. Ugumu uko kwenye upana wa masafa, ambao ni mdogo: mfumo wa kelvini 600 wenye upana wa megahezi 1 huhitaji sekunde 10 ili kutambua takriban kelvini 0.2, na katika muda huo mgonjwa anayepimwa amekwisha kupumua mara mbili au tatu, na sehemu inayolengwa imesogea.