Ukienda Wurstmarkt, kaa kwenye benchi na wenyeji

Kila ikikaribia Septemba napata meseji za Waswahili wenzangu wa huku Ujerumani wananiuliza hivi lile tamasha la Wurstmarkt la mji wa Bad Dürkheim linafaa kwenda au ni kelele za walevi tu. Nawajibu nendeni, ila msiende kama mnavyoenda sherehe nyingine, maana wengi wakifika wanapanda lile gurudumu kubwa, wanapiga picha, wanakunywa glasi mbili kwenye hema la muziki, wanarudi mji wa jirani wa Mannheim alafu wanasema mbona ni kawaida tu. Hao bado hawajaliona tamasha.

Jina linataja soseji lakini ni tamasha la mvinyo, na mvinyo unaouzwa pale ni wa Bad Dürkheim yenyewe tu, huleti wa kutoka kwingine. Linahesabiwa kuanzia mwaka 1417. Enzi hizo mahujaji walikuwa wanapanda kilima cha Michaelsberg kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli, na wakulima wa bondeni wakawa wanawapandishia mkate, soseji na mvinyo kwa matoroli ya kusukuma. Baadaye soko likashuka chini kwenye uwanja wa Brühlwiesen na liko hapo hadi leo. Mji wenyewe hauna hata watu elfu 20, lakini kwa zile siku tisa zinazogawanyika wikendi mbili za Septemba wanapita watu kama laki sita! Kuingia ni bure.

Sasa sehemu ya kwenda ni kwenye Schubkärchler. Hivi ni vibanda vya wakulima wa mizabibu, jina lake limetokana na yale matoroli, na utavitambua kwa meza zake nyembamba na mabenchi marefu ambayo mkishajaa mtu wa katikati akitaka kwenda chooni lazima safu nzima isimame. Usitafute meza yenu peke yenu, hakuna. Unauliza tu kama kuna nafasi, watu wanasogea, unakaa umebanwa bega kwa bega na usiowajua.

Alafu inakuja ile glasi. Ni ya nusu lita, pana juu nyembamba chini, ina vishimo vya duara pembeni ili vidole vishike visiteleze, na ndani mara nyingi ni Riesling, mvinyo mweupe, iliyochanganywa na maji ya gesi, ila kwa watu wa Pfalz, yaani mkoa huu, hayo maji ni kidogo sana usije ukadanganyika. Hiyo glasi sio yako hata kama umeilipia wewe. Unakunywa kidogo unampa wa jirani, naye anampa mwingine, inazunguka meza nzima, ikiisha mwingine ananyanyuka kuleta nyingine. Mara ya kwanza mama mmoja mtu mzima alinisogezea glasi yake bila hata kuniuliza jina, akaendelea na stori zake kama vile tumekua wote, na mimi nilikuwa nimeishi jengo moja na majirani muda mrefu tunaishia kusalimiana tu kwenye ngazi. Kwa mgeni anayelalamika kwamba Wajerumani wamejifunga, mimi naona hiyo meza inafanya kazi ambayo kozi ya lugha haiwezi kuifanya.

Na wenyeji wanaihitaji kuliko sisi. Waliohamia miji mikubwa kutafuta kazi wanachukua likizo wiki hiyo ili warudi, waliosoma pamoja wanakutana kibanda kilekile kila mwaka, familia za wakulima zinahudumia watu waliokuwa wakihudumiwa na babu zao. Kuna hadi asubuhi ya mashairi ya lahaja ya Kipfalz, watu wamekaa na glasi zao wanasikiliza na kucheka. Mwaka 2020 na 2021 halikufanyika kwa sababu ya korona, na mzee mmoja jirani yangu akiizungumzia hiyo miaka miwili utadhani anasimulia msiba. Kwa hiyo ukienda nenda kwa heshima, ni nyumbani kwa watu pale.

Nenda siku ya kazi, mchana, sio Jumamosi usiku, Jumamosi hutapata benchi wala hutasikia mtu anasema nini. Kula kwanza. Kama huli nguruwe uliza kabla ya kuagiza, maana soseji nyingi ni za nguruwe na Saumagen, ile sifa ya Pfalz, ni tumbo la nguruwe lililojazwa nyama na viazi. Kama hunywi pombe usijinyime kwenda, kuna juisi ya zabibu nzuri sana, na glasi ikikufikia unaipitisha tu kwa mwenzako hakuna atakayekulazimisha. Ila kuwa makini na Federweißer, ule mvinyo mchanga bado unachacha, ni mtamu kama juisi lakini una pombe kabisa na nimeona watu wanakunywa kama soda wakiwa na njaa, haikuisha vizuri.

Lile pipa kubwa lililo karibu na uwanja lilijengwa 1934, linaweza kubeba lita milioni 1.7 lakini ndani ni mgahawa, linapendeza kwa picha basi.

Gari acha nyumbani. Sheria ni mwisho promili 0.5 ya pombe kwenye damu, na kwa mwenye leseni mpya au aliye chini ya miaka 21 ni sifuri kabisa, na glasi ya kuzunguka huwezi kujua umekunywa kiasi gani. Tramu namba 4 inatoka Mannheim na Ludwigshafen hadi Bad Dürkheim. Beba kesh, rudisha glasi uchukue amana yako, na mkikaa vizuri na watu wa mezani waulize kabisa mwakani wanakaa kibanda gani na siku gani, watakuambia, na wakisema watakuwepo wanakuwepo kweli.