Briketi zinapasuka na skrubu inalika, tuweke gundi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na wenzangu tulichanga tukanunua mashine ya briketi, yaani vipande vya kuni vya kushindilia, ile ya skrubu yenye hita, tunashindilia pumba za mpunga. Sasa zinatoka zimepasukapasuka, nyingine zinafyatuka puu! na ncha ya skrubu imeshalika hata hela haijarudi. Fundi anasema tuchanganye uji wa muhogo zishike. Ni kweli? Na vumbi la mkaa je, mashine hii hii inaliweza?

JIBU: Ndugu yangu, uji achaneni nao, mtakuwa mnaongeza maji kwenye tatizo la maji. Mashine ya moto haitaki gundi, gundi imo humohumo kwenye pumba, inaitwa lignini, joto na mgandamizo vikikutana inalainika na kushikanisha chembe, ikipoa inakaza. Kinachofyatua ni unyevu, maji yanageuka mvuke ndani ya bomba, lile tundu la katikati ya briketi ambamo mvuke hupitia linazidiwa, basi mvuke unatoka na briketi yako, kwa hiyo kwanza kabisa mtu yeyote asisimame mbele ya mdomo wa mashine.

Najua utasema mbona tunaanika. Mkono unadanganya bwana, pimeni. Chukua gramu 100 za pumba, weka kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, zikibaki 90 unyevu ulikuwa asilimia 10, na hapo ndo penyewe. Kati ya 8 na 12 skrubu inakwenda vizuri, zaidi ya hapo mnajitafutia. Zikikauka kupita kiasi nazo hazishiki.

Ya skrubu kulika haiishi, inapunguzwa tu. Pumba zina silika nyingi, ni msasa ule. Mtu wa kuchomelea aijaze ncha kwa vijiti vya chuma kigumu, muwe na skrubu ya akiba, na mkipata maranda ya mbao yasageni mchanganye. Kwa pumba tupu kila siku mimi ningeenda kwenye ya pistoni, inagonga badala ya kusugua muda wote, japo briketi yake haina tundu na haiwi ngumu hivyo.

Vumbi la mkaa sasa, huko ndo kwenye uji wa fundi wenu, maana lignini ilishaungua tanurini. Ila msilipitishe kwenye hita, tafuteni mashine ya baridi, hata ya mkono, halafu mnaanika mpaka zikauke hadi ndani.