Dada uliyenitumia meseji usiku kuhusu mtoto wa jirani, njoo usome hapa

Alhamisi saa tano na kitu usiku nimeshazima taa, simu ikalia ule mlio wa meseji. Ni dada mmoja ambaye huwa anasoma humu kimya kimya, hata kukomenti hakomenti. Kaandika hivi, na nimemuomba ruhusa niweke: "Dada samahani kwa usumbufu. Jirani yangu ana kabinti ka miaka kama 9 hivi, wanasema mtoto wa ndugu. Kanapigwa mpaka sauti inakauka. Leo nimekaona jicho limevimba. Nikisema si nitaonekana mchonganishi? Nifanyeje?"

Nikamjibu mistari miwili tu. Piga 116, ile simu ya msaada kwa mtoto, ni bure, halafu tafuta daftari uanze kuandika. Basi, nikazima data. Ila usingizi ukawa umekata, kwa sababu hilo neno mchonganishi nalijua vizuri, nimekaa nalo tangu 2012 na sijawahi kuliandika humu kwa aibu.

Mwaka huo nilikuwa nimepanga Manzese, nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja, mnajua maisha yenyewe. Chumba cha nne wakahamia mume na mke na kabinti fulani kembamba. Tukaambiwa ni mtoto wa kaka yake mume, kaletwa mjini asome. Sawa. Lakini mimi ndo nilikuwa naanika nguo zangu pale kila siku na miezi mitatu yote sikuwahi kuona sare ya shule kwenye ile kamba. Sketi ya bluu hakuna, shati jeupe hakuna. Kabinti saa nne asubuhi kako bombani na ndoo ya lita 20. Na usiku, yaani hii ndo inaniuma mpaka leo, redio ya chumba cha nne ikipandishwa sauti ghafla sisi wote tulikuwa tunajua nini kinaendelea mle ndani. Mtu anageuza chapati yake, mwingine anaosha vyombo, mwingine anaingia ndani anafunga mlango. Na mimi nikiwemo.

Siku moja nikashindwa. Nikatoka na kanga moja nikapiga teke ule mlango, nikatukana matusi yote niliyofundishwa na ambayo sikufundishwa, watu wakajaa, mjumbe akaitwa. Yule mama akatoka katulia kabisa, kajifunga vizuri, akasema "huyu ananionea wivu kwa sababu yeye hana mtoto." Mbele za watu. Mjumbe akaniuliza ni lini na lini umeona anapigwa? Sijui. Mara ngapi? Nyingi. Nani mwingine ameona? Nikageuka kuwaangalia majirani zangu, wale wale wa chapati na vyombo, wakasema wao hawajui mambo ya watu. Kabinti kenyewe kakaulizwa huku yule mama kashika bega lake, kakasema "nilianguka". Mjumbe akatupatanisha. Tukapatanishwa jamani, mimi na yule mama, tukapeana mikono!

Siku ya nne alfajiri chumba kilikuwa kitupu. Walipakia kwenye kirikuu usiku. Pale karoni kulibaki kandambili moja ya mtoto, mkanda umekatika umefungwa na waya. Sijui kabinti kale kako wapi. Leo kangekuwa mwanamke mzima.

Miaka mitatu baadae nikasoma ngazi ya cheti, mambo ya jamii, masomo ya jioni, miezi mingi ya usingizi darasani ambayo sina haja ya kuwasimulia. Ila kuna mwalimu siku moja alitusimulia kisa cha mtoto mmoja wa New York anaitwa Mary Ellen Wilson na mimi nikatoka nje nikaenda kulia chooni. Nilikuja kukisoma mwenyewe mara nyingi sana, na ndo hicho ninachotaka dada wa meseji akijue kabla hajaenda popote.

Mary Ellen alizaliwa 1864. Baba yake alikuwa mwanajeshi akafa kwenye ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, mama hela ya kumlipa mlezi ikaisha, mtoto akaishia mikononi mwa idara ya misaada ya jiji. Januari 1866, hajafika hata miaka miwili, idara ikamtoa kwa mtu na mkewe kwa karatasi. Masharti ilikuwa walezi waende kutoa taarifa ya mtoto kila mwaka. Kila mwaka mara moja! Na hata hiyo haikufuatiliwa. Mume akafa, mke akaolewa na mwingine akawa anaitwa Mary Connolly, na mtoto akawa mali ya nyumba. Mimi nikisoma hapo namuona yule wetu wa Manzese, kaletwa mjini asome, karatasi yenyewe hana, ana maneno tu ya walezi.

Sasa mwishoni mwa 1873 kuna mama wa kanisa, Mmethodisti, anaitwa Etta Wheeler, kazi yake ilikuwa kutembelea masikini kwenye majengo ya kupanga mtaa wa Hell's Kitchen. Akaambiwa na mama mwenye nyumba kwamba kuna mtoto alikuwa anapigwa na kufungiwa ndani, na ile familia imeshahamia jengo jingine. Mnaona? Wahamaji hao hao. Angekuwa mimi angeenda kupiga teke mlango. Yeye hapana. Akaenda jengo jipya, akagonga kwanza chumba cha jirani, akamkuta mgonjwa wa kifua kikuu yuko hoi kitandani, akakaa nae. Mgonjwa akamwambia mtoto namsikia analia. Hapo ndo akapata sababu ya kugonga kwa Connolly, anajifanya kaja kumuombea yule mgonjwa msaada wa jirani kwa jirani.

Aliyoyaona mle ndani aliyaeleza mwenyewe baadae. Desemba, baridi la kukata, mtoto peku, gauni limechanika. Mwili wa miaka mitano kumbe ana tisa. Amesimama anaosha vyombo kwenye karai lililowekwa juu ya kigoda, anahangaika na kikaango kizito karibu sawa na yeye. Na mezani, wazi kabisa, mjeledi wa ngozi ya kusokotwa, na alama zake ziko kwenye mikono na miguu ya mtoto. Dakika chache tu alikaa mle. Hakusema neno kuhusu mtoto, akaongea ya mgonjwa, akaondoka. Huo utulivu mimi hapana, sina, Mungu hakunipa.

Akaanza kuzunguka. Polisi wakamwambia bila ushahidi hawawezi kuingilia. Taasisi za watoto zikamwambia ukimleta kisheria tutampokea. Watu wenye busara zao wakamwambia ni hatari kuingia kati ya mtoto na mlezi wake. Ndo ile ile "mambo ya watu" ya Manzese, imevaa koti la baridi. Miezi ikaenda. Na kila akienda kumuona mgonjwa, mgonjwa anamsimulia vilio vya juzi na vya jana, kwa sababu yeye hana pa kwenda, anasikia tu ukutani.

Mwisho mpwa wake Wheeler ndo akamwambia, kwanini usiende kwa Bergh? Huyu Henry Bergh ndie aliyeanzisha mwaka 1866 chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, watu walimjua kwa kusimamisha mikokoteni barabarani kutetea farasi. Mpwa akasema huyo mtoto nae si ni kamnyama kadogo. Wheeler akaenda. Na Bergh hakuruka juu ya kiti, alimuomba kitu kimoja: niandikie. Weka yote kwenye karatasi, uliyoyaona na waliyokuambia mashahidi. Akaandika. Bergh akatuma mtu wake aingie kwa Connolly kama karani wa sensa, ahakikishe kwa macho. Wakili wake Elbridge Gerry akapeleka kwa Jaji Abraham Lawrence, ikatoka amri mtoto aletwe mbele ya mahakama.

Tarehe 9 Aprili 1874 akaletwa kafunikwa blanketi la gari la farasi kwa sababu nguo hana. Mkwaruzo wa mkasi uko usoni, na mkasi wenyewe ulifikishwa mahakamani. Akasema mama, ndivyo alivyomuita Connolly, ana kawaida ya kumpiga karibu kila siku, na kwamba hakumbuki kubusiwa na mtu yeyote. Wanaume wazima walilia mle. Mary Connolly akapata mwaka mmoja jela na kazi ngumu. Mwaka mmoja, ndio, msiniulize mimi.

Hapa naomba niwasahihishe ndugu zangu wa magrupu ya Whatsapp wanaosambaza kwamba mtoto aliokolewa kwa sheria ya wanyama. Si kweli. Bergh mwenyewe alisema anakuja kama raia tu. Na sheria za watoto New York zilikuwepo tayari, hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuzifuata. Desemba ya mwaka huo huo ndo wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa watoto, cha kwanza duniani.

Sasa ushauri, maana najua mtasema nimesimulia tu. Andika. Siku, saa, umesikia nini, umeona nini, wapi mwilini. Usiandike "anamtesa sana", andika "Jumanne, saa 3 asubuhi, shule zimefunguliwa, yuko bombani". Tafuta shahidi kabla hujafungua mdomo, hata mmoja, hata mgonjwa wa kitandani. Usimuulize mtoto mbele ya anayempiga. Na andika, narudia. Kama ni damu au mtoto kazimia hapo daftari weka chini, piga simu, ita watu, beba hospitali.

Na mimi nilikuja kufanya hivyo, nisijishushe sana. 2019 mtaa mwingine, mtoto wa kiume wa miaka 7, wiki mbili nimeandika kurasa nne na mama muuza genge akakubali kusimama na mimi. Ofisi ya kwanza nilirudishwa, kaka wa mapokezi hata kichwa hakuinua kwenye simu yake. Ofisi ya pili nikarudishwa. Ya tatu afisa ustawi akasoma zile kurasa zote nne akiwa kasimama, akachukua funguo. Mtoto yuko kwa bibi yake, anasoma, mwaka jana alinipigia kuniambia kawa wa sita darasani. Nimejisikia kama nimepata PhD.

Wewe unayesema humu "mtoto wa mwenzio siyo wako", hivi ukisikia moto chumba cha nne utasema siyo wako? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anaonewa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Siyo umbea, ni sheria. Wote tuliokaa kwenye ule ua tuna deni, na mimi ndo wa kwanza, na wewe unayeongeza sauti ya tamthilia ili usisikie unajijua.

Mary Ellen alilelewa na mama yake Wheeler na kisha dada yake Wheeler, huko mashambani karibu na Rochester. Akaolewa 1888, binti yake mmoja akampa jina Etta. Alifariki 1956 ana miaka 92. Tisini na mbili! Kutoka kwenye lile karai.

Leo Jumapili asubuhi dada wa meseji kanitumia picha. Ukurasa wa daftari la mistari, mwandiko umeinama. Alhamisi jicho la kushoto. Ijumaa saa 2 usiku kilio, kama dakika kumi, mwiko umevunjika nimeukuta jalalani. Jumamosi hajatoka nje kabisa. Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine: mama wa chumba cha mbele amekubali.

116 ameshapiga, wamechukua maelezo. Kesho saa mbili kamili wote wawili wako mlangoni kwa ustawi wa jamii. Nauli nimewarushia.