Alama 17 za Mama

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 74. Hakwenda shule, alisoma chuo cha Kurani tu na akahitimu. Mwezi uliopita alipimwa akili kwa karatasi ya maswali, akapata alama 17 kati ya 30, nasi tukaambiwa kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Hata hivyo, bado anakanda na kuuza mahamri kila asubuhi, ingawa siku hizi amewahi mara mbili tatu kumrudishia mteja chenji iliyozidi. Tuiamini karatasi au tuyaamini macho yetu?
Binti, Langoni, Lamu

JIBU: Dada yangu, alama 17 pekee hazitoshi kumpa mama yako jina la ugonjwa. Kipimo cha alama 30 kilichoenea zaidi kilichapishwa Marekani mwaka 1975, na ndani yake mna kutoa saba saba kutoka mia, kuandika sentensi na kunakili mchoro, yaani kazi za mtu aliyezoea kalamu na dawati. Kingine, kilichotoka Kanada mwaka 2005, humwongezea alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au chini yake. Kwa asiyekanyaga shule kabisa, alama moja ni fidia ndogo mno.

Na hayo ni kabla ya kufika kwenye lugha. Mama akiulizwa mwezi, akajibu Mfungo Sita, amejibu sawasawa kwa kalenda ya Kiislamu anayoishi nayo. Akiulizwa siku baada ya magharibi, kwake siku imekwisha kugeuka. Kipimo hicho cha Kanada humtaka mtu achore saa yenye mishale inayoonyesha kile tunachokiita saa tano na dakika kumi. Je, mzee akiuelekeza mshale mfupi kwenye namba 5, amekosea au ametii alichoambiwa?

Kinachonishughulisha zaidi ni ile chenji. Ili daktari aseme kwamba mtu ana ugonjwa huo, haitoshi akili ipungue kwenye karatasi. Lazima upungufu huo uonekane pia katika shughuli za kila siku, na kwa kawaida zinazotangulia kuharibika ni zile zenye hesabu na mpangilio, kama fedha, dawa na ununuzi, huku kuoga, kuvaa na kula kukibaki kwa muda mrefu. Orodha moja ya shughuli hizo ngumu, ya mwaka 1969, ilikuwa na mambo manane, na wanaume walisamehewa kupika, kufua na kazi za nyumbani. Wazee wengi wa kwetu wangeona hilo ni haki tupu.

Kwa hiyo mlinganishe mama na alivyokuwa yeye mwenyewe miaka kumi iliyopita, si na jirani. Je, anapotewa na hesabu ya rakaa kuliko zamani? Anarudia swali alilojibiwa punde? Na kama ameacha jambo, ameliacha kwa kusahau, kwa magoti, au kwa sababu nyinyi mabinti mmemnyang'anya jiko? Hata chenji yenyewe huenda ni macho: noti mbili zikishikwa alfajiri kwenye mwanga hafifu, mwenye mtoto wa jicho hukosea.

Mrudisheni hospitali, mkiwa na dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja. Ombeni apimwe macho, masikio, tezi ya shingo na vitamini B12, aulizwe pia kuhusu huzuni, kisha arudiwe kupimwa na mtu anayezungumza Kiswahili chake. Lakini akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, msingoje miadi. Huenda ni maambukizi, naye apelekwe siku hiyo hiyo.